Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na makumbusho: nani aliwaambia Kilimanjaro ilikuwa zawadi ya bathdei?

Wakubwa wetu, salamu kwanza.

Mimi ni fundi wa viatu hapa soko la Kariokor, Nairobi, zile za ngozi zenye shanga juu, na hii barua naandika kwa simu nikiwa nimekaa kwa stuli, kwa hivyo mkiona sentensi imekimbia sana mvumilie tu, mteja akiingia naachia hapo narudi baadaye. Sijui ofisi yenu ni gani haswa. Kuna wale wa mitaala, kuna wale wa makumbusho, kuna wa kaunti wenye kuweka vibao barabarani, kuna na wale wa ulinzi ambao naambiwa ndio wanaweka historia ya jeshi. Nimewaandikia wote mara moja kwa sababu kila mlango nikibisha naambiwa si huu.

Shida ilianza na karatasi ya mtihani. Binti yangu aliileta nyumbani imekunjwa mara nne, hiyo ukiona mtoto amekunja karatasi mara nne ujue maksi hazikuwa tamu. Alikuwa amepata 4 kwa 10 somo la jamii, na yeye si mtoto wa 4. Nikaikunjua kwa meza pale jikoni nikasoma. Swali moja lilikuwa kwa nini mpaka wetu na Tanzania unapinda pale Kilimanjaro, ameandika Uingereza na Ujerumani walikubaliana hivyo kwa mkataba wa 1886, eksi kubwa nyekundu. Swali lingine, Mau Mau ni kifupi cha maneno gani, ameandika si kifupi cha kitu, eksi. Halafu lile lililoniuma, taja asili ya jina la mtaa wa Kariokor, ameandika limetoka kwa wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, eksi tena, na pembeni mwalimu ameandika jibu lenyewe, ati Kariokor alikuwa mzungu mwenye shamba hapa.

Sasa hayo majibu yote mtoto aliyapata kwangu. Kwa hivyo nilifeli mimi.

Nikaenda shule. Sitaitaja, na mwalimu sitamtaja, kwa sababu alinipokea vizuri akanipa na kiti. Akaniambia, mzee, mimi mwenyewe hii ya mzungu naona haijakaa sawa, lakini majibu yamekuja yameandikwa hivyo, nikimpa huyu maksi nitawaambia nini wale wengine 60? Hapo nikaelewa siongei na mtu ninayefaa kuongea naye. Naongea na nyinyi.

Hii ya mlima nianze nayo niimalize haraka. Hadithi mnaijua, Malkia Victoria alikuwa na milima miwili, Kenya na Kilimanjaro, mjukuu wake wa Ujerumani hakuwa hata na mmoja akalia, nyanya akamkatia mmoja siku yake ya kuzaliwa. Tamu sana, hata mimi niliimeza shule ya msingi na nikawasimulia wateja wazungu miaka mingi wakicheka wakinunua viatu. Lakini chukueni kalamu mpige hesabu. Makubaliano ya mpaka yaliandikwa mwishoni mwa 1886. Huyo mjukuu, Wilhelm wa Pili, alikalia kiti cha ufalme 1888. Mwaka ule wa 1886 Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani, alikuwa bado babu yake, Wilhelm wa Kwanza, mzee wa karibu miaka 90. Sasa nyanya wa upande wa mama anampaje mjukuu mlima ambao ungeenda kwa babu wa upande wa baba? Hata kwetu kwa mambo ya mahari hiyo haiwezi pita. Ukweli ni biashara tu. Mwingereza anaitwa Harry Johnston alipita huko 1884 akaokota makaratasi yake kwa machifu, mwaka uliofuata watu wa Mjerumani Carl Peters wakafika wakaandikiana na Mangi Rindi, chifu wa Moshi, kila upande ukasema huu mlima ni wetu, basi wakakaa mezani Ulaya wakapatana, Mjerumani achukue mlima, Mwingereza abaki na Taveta na njia ya kuteremka Mombasa. Mchagga hakuulizwa, Mtaveta hakuulizwa. Hiyo ndio sehemu hadithi ya bathdei inaficha, inafanya wizi ukae kama keki.

Na hiyo kona ya mpaka ndio ilileta vita kwetu. Watoto wetu wanafundishwa Vita ya Kwanza kama mambo ya Ulaya, mitaro, matope, mkuu fulani aliuawa Sarajevo, basi. Hakuna mtu anawaambia ya kwamba Agosti 15, 1914, hata wiki mbili hazijaisha tangu Uingereza iingie vitani, jeshi la Mjerumani lilikuwa limeshaingia Taveta, ardhi yetu, na walikaa hapo hadi 1916. Februari 12 mwaka huo askari wa Afrika Kusini walipanda kilima cha Salaita wakidhani wataona watu weusi wakikimbia, wakapigwa na hao askari weusi wa Mjerumani wakarudi mbio. Kama ni safari ya shule, Taita Taveta iko pale, reli inapita Voi, tena mko na mbuga njiani.

Nirudi Kariokor, hapa ndio nataka mkae na mimi kidogo.

Jina ni Kiingereza kimeingia mdomoni mwa Mswahili. Kikosi cha wapagazi wa jeshi la Mwingereza kiliitwa Carrier Corps, na hapa ndipo kambi yao ya Nairobi ilikuwa. Dar es Salaam pia wako na yao, Kariakoo, jina lilelile kwa sababu ileile. Hakuna mzungu mwenye shamba. Siku nilirudi kutoka shule niliuliza hapa sokoni majirani kumi hivi, wengine wako hapa kutoka enzi za Kenyatta, mama wa vyondo akasema ni jina la Kihindi, jamaa wa nyama choma akasema ni mkahawa wa zamani, mmoja akasema ni Kijaluo, Mjaluo aliyekuwa karibu akakataa. Sisi watu wa Kariokor wenyewe! Tunakula juu ya hiyo kambi kila siku, ugali na mbuzi, na hakuna hata kibao cha bati cha kutuambia.

Hao watu walichukuliwa vipi, wacha niseme pole pole. Vita hii ya kwetu haikuwa na mahali pa kupitisha lori, reli iliishia mahali, punda na ng'ombe wakiingia kwa mbung'o wanakufa. Ikabaki mgongo wa mtu. 1915 ikatungwa sheria ya kuandikisha kwa lazima, na 1917 ndio ulikuwa msako mkubwa kabisa, machifu wanaambiwa leta vijana kadhaa, na chifu anajua akikosa kuleta ni yeye. Kwa hivyo mkisoma kwa vitabu ati babu zetu walijitolea kumpigania Mfalme, muwe mnacheka. Wako walioenda kwa hiari, ukweli, mshahara ulikuwa mshahara, lakini wengi waliokotwa kama vile kanjo, askari wa kaunti, huokota wachuuzi. Ukijumlisha wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na kwingine unafika kama watu milioni moja waliobebea Mwingereza mizigo kwa hivi vita. Karibu laki moja hawakurudi, na hiyo ndio hesabu ya wale wapole wa kuhesabu.

Na si risasi. Hapo ndio watu hushangaa. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Mtu wa viazi na ndizi anapewa unga wa mahindi ambao haujaiva vizuri, maji ya mto, mvua inamnyeshea usiku hana blanketi ya maana, asubuhi mzigo kichwani. Wengi walitembea miguu mitupu kutoka huku hadi kusini mwa Tanganyika, hadi Msumbiji. Mimi natengeneza viatu, najua mguu. Mteja akivua naweza kukuambia kama anatembea sana ama anaendesha gari. Kisigino cha mtu wa kutembea kinapasuka kama udongo wa kiangazi, halafu funza akiingia hapo huyo mtu hata kilomita tano ni vita. Sasa fikiria Kariokor hadi Msumbiji.

Nendeni pale Kenyatta Avenue muone ile sanamu ya wanaume watatu wa shaba, iliwekwa 1928. Watu wa Nairobi wengi wanaitumia kama mahali pa kukutania, nipate kwa wale askari. Wengi tunaamini ni askari watatu. Si watatu! Mmoja hana bunduki. Huyo ni mpagazi. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling, yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na mwisho yanaahidi ukipigania nchi yako hata ukifa, wana wako watakumbuka jina lako. Nilisimama hapo Jumamosi iliyopita na binti yangu, jua kali, kijana wa soksi ameegemea jiwe bidhaa zake ziko chini, na mtoto akasoma mpaka mwisho kisha akazunguka nyuma. Akarudi akaniuliza, baba, sasa majina yako wapi?

Hakuna jina hata moja.

Na si ati yalisahaulika kwa bahati mbaya. Aprili 2021 ile tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikikubali ya kwamba watu si chini ya 116,000, na huenda hadi 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, na ubaguzi ulikuwa ndani ya hayo maamuzi. Waziri wa ulinzi wao akasimama bungeni London akaomba msamaha. Ndani ya makaratasi ya miaka ya 1920 kuna mahali afisa wa makaburi anaandika alichoambiwa na gavana wa Tanganyika, ya kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Yarudi kuwa pori. Nilisoma hiyo mara tatu. Hata hela za wale waliokufa kabla ya kulipwa zilibishaniwa miaka na miaka, na jamii zao hazikuziona.

Sasa Mwingereza ameomba msamaha, nyinyi bado mnampa mtoto eksi kwa kusema neno wapagazi.

Najua mtu atasema ah, mwache, lakini nendeni Ngong Road kwa makaburi ya vita muone tofauti. Pale kuna ukumbusho wa waliokufa Vita ya Pili bila kaburi, na majina yameandikwa. Kwa nini majina ni mengi? Sisi tunajua Burma tu, kila mzee wa Vita ya Pili tunasema alikuwa Burma. Lakini Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa wanajeshi, kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, na wauguzi wanawake pia, na Februari 12 karibu na Maldivi nyambizi ya Mjapani ikaipiga, ikazama kwa muda usiofika dakika mbili. Walikufa watu 1,297. Hiyo ni alasiri moja ya watu wetu na wenzao, na sijawahi kuona swali lake hata moja kwa mtihani wowote. Pengine kwa sababu haina malkia wala keki.

Haya, Mau Mau, wale waliopigana na mkoloni kutoka msituni. Hapa naenda taratibu kwa sababu ni nyumbani.

Ile ya Mzungu Aende Ulaya Mwafrika Apate Uhuru, herufi zimekaa vizuri sana, hiyo peke yake ingefaa iwashtue. Wale watu msituni walikuwa wanaongea Kikuyu, Kiembu, Kimeru, wangejiita kwa kifupi cha Kiswahili kwa nini? Wao wenyewe walisema wanapigania ithaka na wiathi, ardhi na uhuru, na jeshi lao wakaliita hivyo. Jina la Mau Mau lilitoka nje wakabandikwa, na wasomi wanabishana hadi leo lilianzia wapi. Maneno ya kifupi yakaletwa kuvalisha jina ambalo tayari lilikuwa limeshika. Sisemi watu wasiyaimbe, ni maneno mazuri. Nasema msiyaweke kwa mtihani kama jibu.

Halafu kuna picha ambayo hata watu wazima wako nayo, ya kwamba walowezi wazungu walichinjwa kwa mamia. Raia wazungu waliouawa miaka yote ya hali ya hatari ni 32. Wakati huohuo serikali ya mkoloni ilinyonga watu 1,090 kwa kamba, kwa hukumu ya korti, achana na waliopigwa risasi na waliokufia kambini. Aprili 24, 1954 jeshi liliufunga huu mji wetu wote, Eastlands nyumba kwa nyumba, watu wakabebwa kwa malori hadi Langata wakachujwa kisha kambi za Mackinnon Road na Manyani. Waulizeni wazee wa Pumwani. Na lile lingine hatupendi kulisema ni letu wenyewe, si la mzungu, ya kwamba baada ya uhuru sheria ya kuwapiga Mau Mau marufuku tuliiacha ikae hadi 2003. Miaka 40! Dedan Kimathi, kiongozi wao, alinyongwa gereza la Kamiti Februari 18, 1957, na sanamu yake mjini ikasimama 2007.

Na ile ya mwisho, ati sisi wote tulikuwa upande mmoja. Enda mazishi yoyote ya mzee wa miaka 90 huko Murang'a ama Nyeri, utasikia alikuwa msituni. Kila guka, yaani babu, alikuwa msituni, sijui nani alibaki nyumbani. Guka wangu mimi tulimzika hivyo, ikasomwa mbele ya watu, alipigania uhuru msitu wa Aberdare, watu wakapiga makofi. Jioni, viti vikirudishwa kwa lori, shosho, nyanya yangu, akaniita kando ya tanki la maji akaniambia kwa sauti ndogo, huyo alikuwa ngati. Alikuwa home guard, mlinzi wa upande wa mkoloni, alilinda lile boma la kijiji ambalo yeye shosho alikuwa amefungiwa ndani pamoja na wengine, na ndio maana shamba letu ni kubwa kuliko la majirani. Sikumwuliza zaidi. Nilishika kikombe cha chai hadi kikapoa. Kwa hivyo msifikirie nawaandikia kama mtu safi, nyumba yetu pia ilitunga yake, ikaichapisha na kwa karatasi ya mazishi yenye picha ya rangi.

Lakini mimi ni mtu mmoja na familia moja, nyinyi mna wizara.

Kwa hivyo naomba haya. Hayo majibu ya mtihani yarudishwe kwa mtu anayesoma kabla ya kutumwa shuleni, na mtoto akileta jibu lingine lenye tarehe na sababu, mwalimu aruhusiwe kumpa maksi bila kuogopa mkubwa wake. Zile faili ambazo Mwingereza alizibeba kabla ya uhuru akazificha, akakubali ziko Hanslope Park mwaka wa 2011 wakati wazee wetu wa Mau Mau wamempeleka kortini, nakala zake ziwe hapa mahali fundi wa viatu anaweza kuingia akasoma, si lazima niwe profesa. Na wapagazi watafutiwe majina. Msiniambie haiwezekani, Cape Town Januari 2025 wamefungua ukumbusho wa vibarua weusi zaidi ya 1,700 wa vita hiyohiyo, kila mtu na nguzo yake ya mbao na jina lake juu. Wale wetu ni wengi zaidi, sawa, anzeni na mmoja.

Hiyo karatasi ya mtihani sijaitupa, nimeibandika hapa ndani juu ya mashine ya kushonea, wateja wanaisoma wakingoja. Binti ameniambia nisifute eksi.

Na kibao cha Kariokor hata msisumbuke na zabuni. Ukiingia na upande wa nyama choma, uliza fundi wa viatu, utaonyeshwa. Leteni maandishi tu, yakiwa sahihi, bati nitatafuta mimi, misumari niko nayo na nyundo niko nayo.

Ni mimi,
fundi wa viatu, Kariokor